Samaki wa Chef Patrice Ndani ya Kardani

Kwa miaka ishirini na sita, dari la Papa Léopold limekuwa tumbo la magari ya watu. Ni fundi wa magari ya jipu kule mtaani Tshopo, na sharti lake ni moja: mwenye gari alale naye chini ya gari, aone kwa macho yake. Padri amelala. Kanali amelala, kitambi kikakwama kwenye chasisi.

Jumanne moja akaja Chef Patrice, mkubwa wa mradi wa maji safi, shati jeupe, karatasi ya matengenezo ya gari mkononi.

"Papa, fiche iko hapa. Kardani inatiwa grisi kila mwezi, miye mwenyewe nilisaini. Tunaenda Ubundu sasa hivi."

Dereva wake Idrissa akatazama pembeni. Yeye ndiye aliyelileta jipu alfajiri na kumnong'oneza fundi: gari likipanda mlima, chini ya viti kunagonga klak klak, naye ana watoto watano. Kardani ni ile fimbo ya chuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Viungo vyake ni vyuma vya umbo la msalaba, croisillon. Kimoja kikikatika mteremkoni, fimbo inachomoka na kupasua kila kitu.

"Lala, chef."

"Na hii chemise?" Patrice akashika shati lake.

"Chemise tutafua. Idrissa akikufa, tutafua nini?"

Patrice akajilaza juu ya katoni kama mtu anayeingia choo cha soko. Uvundo ukampokea. Funza wawili walikuwa wakitembea juu ya kardani bila haraka. Tone la kahawia likaning'inia, likafikiri, likamdondokea mdomoni.

"Pfff! Nini hii?"

"Samaki yako, chef. Ile ya chumvi unaleteaka madame kila mission. Maji yake inapita ku plancher, chini ya viti, inanyeshea kardani. Chumvi inakula chuma."

Léopold akapangusa grisi. Ilikuwa ya nje tu, imepakwa kama poda ya bibi harusi. Chuchu ya kuingizia grisi ilikuwa imezibwa na rangi tangu gari lipakwe. Pampu haijawahi kuigusa. Nchi hii ina saini nyingi kuliko grisi. Akatikisa kardani: klak! Kutu nyekundu ikamwagikia shati.

Patrice akatoka kwa magoti, akatapika kando ya gurudumu chai na maandazi yote.

"Badilisha," akasema, macho yamejaa machozi.

"Bon. Miye nitafunga mpya. Kupompa, ni weye."

Viungo vipya vilipofungwa, Patrice akapampu grisi, pua ameibana kwa mkono wa kushoto, mpaka grisi safi ikachungulia kwenye ncha zote nne za kila kiungo. Idrissa akaenda na jipu hadi darajani na kurudi. Kiungo kikikosa grisi hupata moto. Akashuka, akaingiza mkono chini, akagusa viungo kimoja kimoja kama mama anayepima homa.

"Iko baridi, papa. Na haigonge tena."

"Basi, muende."

Chef akapanda, kifua wazi, akafungua madirisha yote.