Siku Waziri Mkuu Alipopambwa kama Bwana Harusi

Mama Poda ameshapamba maharusi mia tisa na kitu, na mikono yake haitambui uso mwingine duniani zaidi ya ule wa mtu aliye katika siku yake kubwa. Ukiketi kwenye kiti chake ukiwa njiani kwenda mahakamani, utainuka ukiwa njiani kwenda harusini. Jirani yake mmoja alipita hapo apakwe kidogo kabla ya kupiga picha ya hati ya kusafiria. Ofisi ikamrudisha, ikimtaka alete picha yake mwenyewe. Mama Poda hakuona kosa. Alisema watu wa ofisi ile hawajazoea kuona mtu mwenye furaha, na yeyote aliyewahi kupanga foleni pale hatambishia.

Saluni yake ni chumba kimoja nyuma ya kituo cha televisheni ya taifa: viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, feni inayozunguka ikijisikia, na rafu ya poda zilizopangwa kutoka rangi ya chai ya maziwa hadi rangi ya kahawa. Fahari yake ni poda moja anayoichanganya mwenyewe, isiyoshindwa na machozi. Bibi harusi hulia akivaa, hulia akiagana na mama yake, hulia akionyeshwa bili ya ukumbi. Poda ya dukani ikikutana na hayo huteremka shingoni. Ya Mama Poda hukaa palepale mpaka kesho yake mchana. Haisikii maji wala sabuni. Inataka mafuta, kitambaa laini na robo saa ya subira.

Mwaka huu zamu ilikuwa ya binti yake wa pekee. Harusi Jumamosi, saa nane mchana, wageni mia mbili, na pesa zote benki, alikozipeleka kidogo kidogo kwa miaka kumi na minne.

Jumanne ya juma lilelile, benki ya pili kwa ukubwa nchini ilifunga milango na kubandika karatasi iliyosema imefunga kwa muda ili kuboresha huduma. Kila aliyeisoma alielewa mara moja kwamba imefilisika. Kufika adhuhuri watu walikuwa wamejazana kwenye benki nyingine zote, zile nzima, wakatoe chao kabla nazo hazijaboresha huduma. Na benki nzima ikitakiwa kutoa pesa za watu wote kwa siku moja, nayo huugua. Ya Mama Poda iliamka nzima. Jioni ilikuwa inampa kila mteja kiasi cha kutosha kununua viatu vya bibi harusi, kimoja.

Uchaguzi ulikuwa miezi mitatu mbele, kwa hiyo vyama viwili vikubwa havikuhangaika kutafuta mkosaji. Kila kimoja kilimwona kwa mwenzake, na vijana wao wakaipeleka hoja hiyo barabarani kwa mawe. Mlinzi wa duka la dawa, ambaye hakuwa upande wowote isipokuwa upande wa mlango, alipasuliwa kichwa akashonwa nyuzi kumi na moja. Barabara ya Kiwandani, inayotenganisha mtaa wa Mama Poda na mtaa wa wakwe watarajiwa, ikafungwa kwa matairi na sofa moja kuukuu. Upande huu walisimama vijana wa chama tawala, upande ule wa upinzani. Kumfikisha bwana harusi ukumbini kulihitaji amani au helikopta.

Mwenye ukumbi naye alituma ujumbe wa kistaarabu sana: pesa iliyobaki ifike Ijumaa saa sita, la sivyo ukumbi utakwenda kwa semina ya uwekezaji.

Jumatano mchana simu ya saluni ikalia. Waziri Mkuu angelihutubia taifa saa kumi, na mpambaji wa kituo alikuwa amekwama ng'ambo ya matairi. Mkurugenzi wa vipindi alikumbuka harusi ya dada yake na uso aliokuwa nao siku hiyo, ambao familia haijauona tena. Mama Poda akabeba sanduku lake, akakatiza uchochoro, akaingia kwa geti la nyuma, ambako askari alikagua brashi moja baada ya nyingine kwa umakini wa mtu aliyeonywa kuhusu brashi.

Alimkuta Waziri Mkuu ameshakaa kitini, mtu mpana wa miaka sitini ambaye hakuwa amelala kwa siku mbili. Mifuko iliyokuwa chini ya macho yake ingetosha kubebea mahitaji ya nyumba. Katibu wake wa habari, mwanamume mwembamba mwenye simu tatu, alitoa maelekezo: mheshimiwa aonekane ana huzuni, lakini isiwe ya kukata tamaa, aonekane amechoka, lakini kwa kuwatumikia wananchi. Mama Poda akaitikia sawa, kama anavyowaitikia akina mama wanaotaka binti zao wasipakwe sana. Kisha simu mbili zikalia pamoja na katibu akatoka nje nazo.

Kupaka kidevu na pembe za mdomo kunataka aliye kitini afunge kinywa kwa dakika kama kumi na mbili. Bungeni hakuna aliyewahi kupata bahati hiyo kwa miaka kumi na minane. Dakika hizo ndizo Mama Poda huwapa maharusi mawaidha, kwa sababu mkono wake na ulimi wake hufanya kazi pamoja. Ulimi ukisimama, mkono unapotea njia. Hotuba ilikuwa mapajani mwa mheshimiwa, imechapwa kwa herufi kubwa, na mwanamke aliyeinama juu ya bega hana njia ya kutosoma.

"Hawa watu wasiojulikana wanaorusha mawe, mheshimiwa, mbona mimi nawajua?"

Mheshimiwa akaguna. Mdomo ulikuwa haujakauka.

"Kiongozi wa vijana wenu pale barabarani ni mtoto wa dada yangu, nimemwogesha mwenyewe. Wa upande wa pili ni mdogo wake huyu bwana harusi wetu. Mwezi uliopita walikuwa wanavaa shati moja kwa zamu." Akamfumbisha jicho la kulia. "Polisi wamewarushia mabomu ya machozi, wakanawa uso wakarudi. Wewe ukienda kusema hawajulikani, utawafurahisha. Dada yangu anaambiwa mwanawe yuko kazini."

Akamweleza pia habari za Jumamosi, za mwenye ukumbi na semina yake, na za binti yake ambaye tangu jana alikuwa anapasi gauni lisilo na mkunjo. Mdomo ulipokauka, Waziri Mkuu aliuliza kwa sauti ya chini angependa kusikia nini kuhusu benki.

"Siku na saa," alisema Mama Poda. "Mtu mwenye harusi Jumamosi ukimwambia 'hivi karibuni', anakuchukia."

Mheshimiwa akafunua kurasa. "Wameandika 'hivi karibuni'. Mara nne."

"Na ni lini hasa?"

"Kesho saa mbili asubuhi. Benki kuu imeshakubali kuzikopesha, pamoja na ile iliyofunga."

"Sasa mbona ni siri, baba?"

Waziri Mkuu alilitafuta jibu kwenye hotuba, ukurasa hadi ukurasa.

Hapo katibu akaingia, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo simu ikalia mkononi mwake bila kupokewa. Mifuko ilikuwa imekwenda. Mashavu yalikuwa yamejaa, paji limetulia, na macho yalikuwa ya mtu ambaye posa yake imekubaliwa asubuhi hiyo.

"Mama, huyu anakwenda kuzungumzia benki zilizofilisika," alisema. "Umemfanya bwana harusi."

Mama Poda akarudi hatua mbili nyuma, akatazama, na kuona ni kweli. Mikono ilikuwa imejiendea njia yake. Akaomba mafuta na robo saa. Zilikuwa zimebaki dakika mbili. Katibu akanyakua kitambaa, akakilowesha, akasugua paji la kiongozi wa nchi. Kitambaa kikalowa zaidi, paji likang'aa zaidi. Mheshimiwa alijitazama kwenye kioo.

"Mke wangu anatazama?" aliuliza.

Katibu akasema nchi nzima inatazama.

"Basi twende."

Mama Poda akabaki peke yake chumbani na televisheni ndogo ya ukutani. Akakaa kwenye kiti alichokiacha mheshimiwa. Aliona jinsi mambo yatakavyokwenda: watu wataona wanachekwa, mawe yataongezeka, benki zitavamiwa, na Jumamosi ukumbini mtu atakuwa anafundisha uwekezaji. Angemwambia nini mwanawe, kwamba harusi yake imezamishwa na poda ya mama yake?

Hotuba ilikuwa imeandikwa ya dakika arobaini. Waziri Mkuu alitumia tisa. Alisema benki zote zitafunguliwa kesho saa mbili asubuhi na kila mwenye pesa yake ataikuta. Alilisema mara mbili, siku na saa, akiwa amemeremeta kama anayekaribisha wageni. Kisha akazilaza karatasi mezani.

"Nimeandikiwa hapa kwamba wanaopiga watu mawe hawajulikani. Si kweli. Wa chama changu wamo, na wanajulikana. Kila mmoja ana mama, na mama yake ameambiwa yuko kazini." Akaitazama kamera. "Mama, hayuko kazini."

Sebuleni, vibandani na kwenye foleni, watu wakaanza kuupima uso ule. Wengine walikasirika: nchi inaungua na yeye anameremeta. Lakini hoja iliyoshinda ilikuwa rahisi zaidi. Mtu ambaye benki zinamfia mikononi hawezi kuwa na sura ile. Yule ameziona pesa, tena ameziona leo.

Alhamisi saa mbili milango ikafunguliwa, na foleni ya benki ya Mama Poda ilikuwa nusu ya ile ya Jumanne. Waliokabidhiwa pesa zao zote walisimama nazo mlangoni, wakaitazama barabara, wakajiuliza wanazipeleka wapi. Wengi wakarudi ndani. Wataalamu wa uchumi wameshaandika sababu nyingi za utulivu ule, ukiwemo mkopo wa benki kuu, ambao kweli ulikuwepo. Poda haijatajwa mpaka leo.

Barabara ya Kiwandani haikungoja Alhamisi. Hotuba haikuwa na nusu saa tangu iishe, dada yake Mama Poda alipotokea upande huu, ndara moja mguuni na ya pili mkononi. Upande wa pili alikuja mama wa bwana harusi, naye hakuwa peke yake. Vijana waliostahimili mabomu ya machozi kwa siku mbili walistahimili hilo kwa dakika nne hivi. Mkuu wa polisi aliandika katika taarifa yake kwamba njia ilifunguliwa na kundi la wanawake wasiojulikana. Jioni hiyo viongozi wawili wa mapambano walipelekwa kwa mlinzi wa duka la dawa, kila mmoja ameshikwa sikio, wakaomba radhi kwa pamoja, na mama zao wakagawana gharama za nyuzi kumi na moja. Mlinzi alisema amesamehe, ila wasisimame karibu na mlango.

Ijumaa saa tano Mama Poda aliweka pesa ya ukumbi mezani kwa mwenyewe, naye akaipokea kwa masikitiko ya mtu aliyeanza kupenda uwekezaji.

Na Jumamosi ikafika. Bibi harusi alikuwa tayari saa saba, kwa sababu mama yake alimpamba bila kumpa neno hata moja la mawaidha, jambo ambalo lilimtisha binti kuliko mawe. Walipofika ukumbini, saa nane kasorobo, walitegemea kuukuta mtupu. Wakamkuta bwana harusi ndani, ametundika koti mlangoni, amekunja mikono ya shati, anapanga viti, kila mkono viwili, na jasho limemlowesha mgongo mzima.

Binti akamuuliza tangu lini bwana harusi anakuja kabla ya viti.

"Njia ilikuwa nyeupe," alisema. "Nikaogopa kungoja."

Binti akacheka mpaka akashika ukuta. Mama Poda akaweka sanduku chini, akanyanyua kiti cha kwanza, akamuuliza mkwewe safu za mbele anazitaka za watu wangapi.