Bismillahi Chini ya Kifuniko

Shamsia hajawahi kuanza kazi bila kumtaja Mungu. Hakati kitunguu, hatii uzi kwenye sindano wala hawashi jiko kabla ya Bismillahi, na haisemi moyoni kama watu wenye haraka. Huitamka kwa sauti, amekiinamia kile anachotaka kukianza, kama mtu anayemnong'oneza mtoto mchanga habari njema. Ndivyo walivyolelewa kwao Musanda, na ndivyo alivyokuja nayo ukingoni mwa msitu wa Kakamega, mumewe Mahmoud alipofungua banda la kutengeneza pikipiki.

Kitu cha kwanza alichokipenda huku ni mchana. Kwao, miwa ikishakatwa, jua la saa saba hulipiga shamba tupu, na shamba nalo hulirudisha jua usoni mwako. Unatembea katikati ya majua mawili. Msituni jua ni moja tu, na halifiki chini likiwa na hasira. Majani hulipokea, na nguvu zake nyingi huishia kuyapandisha maji. Mizizi huyavuta ardhini, majani huyatoa yakiwa mvuke, na alasiri mvuke ule hurudi ukiwa mvua juu ya paa la mtu wa mbali asiyejua ni nani aliyempelekea. Shamsia aliyahisi hayo shavuni miaka mingi kabla ya kuelezwa na yeyote.

Aliyekuja kumweleza ni Kiprotich, mtafiti kijana wa misitu, mwenye miguu mirefu na haya nyingi. Alikuwa na mnara wa vyuma uliopita vilele vya miti, wa kupima kinachoingia na kutoka juu. Alitaka na watu wa kupima chini. Akawapata Shamsia na jirani yake Beverlyne, mwanamke wa kicheko cha karibu.

"Mchana majani yanakula hewa ukaa," aliwaambia siku ya kwanza, "hii tunayoitoa sisi puani. Lakini udongo nao unapumua. Mizizi, majani yanayooza, wadudu, vyote vinaitoa tena. Tukitaka kujua kama msitu huu unaweka akiba kuliko unavyotumia, lazima tupime kotekote. Hata kule kaskazini mwa dunia, kusikoota miti, ambako ardhi imeganda barafu, kuna watu wanafanya kazi hii hii. Barafu ikiyeyuka, ardhi yao inaanza kutoa pumzi iliyoibana tangu enzi na enzi."

"Pole yao," alisema Beverlyne. "Na wanavaanga nini?"

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kwa macho. Pete za bomba pana zilizikwa kwenye udongo, mdomo ukabaki nje. Mpimaji anakuja na kifuniko chenye mashine ndogo, anakiweka juu ya pete, anabana, anangoja, huku tarakimu zikionyesha jinsi hewa ukaa inavyojaa humo ndani. Beverlyne alipewa mteremko wa mashariki, Shamsia wa magharibi.

Mteremko wa magharibi ukaanza kuleta taabu. Vipimo vya Beverlyne vilianza chini na kupanda taratibu. Vya Shamsia vilianza juu, kisha vikayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Kiprotich akadhani ni mpira wa kifuniko umechoka, akaubadilisha. Akadhani ni siafu chini ya pete. Akachimbua, asione hata mmoja. Mwisho akasema, kwa sauti ya kuomba radhi, kwamba duru ijayo ikitoka hivyo tena, vipimo vya mteremko ule vitatupwa, na pete zote atabaki nazo Beverlyne.

Shamsia hakulala vizuri. Aliipenda kazi ile kuliko alivyomwambia mtu. Nyumbani aliitwa Mama Nasir, sokoni aliitwa mke wa fundi, msituni tu ndiko alikoulizwa, "Shamsia, udongo umesemaje leo?"

Kesho yake Kiprotich akafuatana naye kutazama. Beverlyne naye akajipeleka, ingawa hakualikwa. Shamsia akafika kwenye pete ya kwanza, akapiga magoti, akaiinamia na kifuniko mkononi.

"Bismillahi," akasema, kwa pumzi nzima, na kukiweka.

Kiprotich akajikuna shingo. Kwenye pete ya pili, akajikuna tena.

"Mama Nasir," alianza, "hiki kifuniko, unajua, kinahisi sana."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kinahisi hata kitu kidogo. Kama upepo. Au mtu, mtu akiwa karibu. Akiwa karibu na, yaani, akiwa anafanya jambo."

"Sukuma, mwalimu," Beverlyne alisema. "Mtoto anakuja."

"Sema, ndugu yangu," Shamsia akamwambia. "Mwiba ukikaa sana unatunga usaha."

"Ni ile Bismillahi."

Mbega mmoja aliruka kutoka tawi hadi tawi, na majani yakatulia tena. Kiprotich alikuwa amewiva uso.

"Sijasema uiache. Mimi nani hata niseme uiache? Nasema tu inaingia ndani. Pumzi ya mtu ina hewa ukaa karibu mara mia ya hewa hii iliyotuzunguka. Tunafunika pumzi yako, halafu tunasema ni ya msitu."

"Kwa hivyo mizizi ipumue, wadudu wapumue," alisema Shamsia polepole, "ila jina la Mungu ndilo linaloharibu."

Akakusanya vitu vyake akarudi nyumbani.

Jioni, akisonga obusuma, ugali wa kwao, alimsimulia Mahmoud. Mahmoud aliosha mikono yake yenye oili na kusema, "Si uisemee moyoni tu?"

"Wewe ukitaka chai unaniitanga moyoni?"

Mahmoud akacheka.

Shamsia akaendelea kugeuza mwiko. Hasira ilikuwa imepungua, na mahali pake pamekaa swali. Maisha yake yote ameinamia vitu na kuvisemesha: kitunguu, sindano, jiko, sasa udongo. Lakini kitunguu hakijawahi kumsaidia mtu. Aliyekuwa akiitwa hakai ndani ya chungu wala chini ya kifuniko. Ukimwita ukiwa mlangoni, ukimwita ukiwa kisimani, anasikia. Sasa kuinama kote kule kulikuwa kwa nini?

Akaenda mlangoni. Akasema Bismillahi kwa sauti iliyofika barabarani, akageuza uso nje akavuta pumzi, akaibana. Akatembea hadi jikoni bila haraka, akafunika sufuria, akakaza kifuniko kwa kiganja, akarudi mlangoni, ndipo akapumua. Haikumsumbua. Alikuwa mwimbaji wa kasida tangu utotoni, na shangazi yake Khadija hakumruhusu mtoto yeyote kukata pumzi katikati ya jina la Mtume. Mstari mzima, pumzi moja, ndiyo ilikuwa sheria.

Akarudia. Akarudia tena.

"Mama Nasir," Mahmoud akauliza, "obusuma wetu unaupima nini?"

Siku ya duru walikwenda wote watatu. Shamsia alisimama mbali na pete, akarusha unyasi mkavu kujua upepo unaelekea wapi. Akasema Bismillahi kwa sauti ya maulidi, wazi, bila kuinama. Kisha akabana pumzi, akaenda, akafunika, akarudi kusimama upande ambao upepo ungeichukua pumzi yake na kuipeleka mbali. Kiprotich aliangalia tarakimu. Zilianza chini. Zilipanda hatua kwa hatua, kama mtu anayejua anakokwenda.

Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Mteremko wa magharibi ulikuwa ukipumua kama udongo wenye afya, na hakukuwa tena na neno la kutupa kipimo wala kumtoa mtu.

Walipofika pete ya mwisho, Shamsia alikuwa njiani na kifuniko, mashavu yamejaa, Kiprotich alipochuchumaa kando ya pete kwa furaha na kuiinamia.

"Alhamdulillahi, Mama Nasir," akasema, "imebaki hii tu."

Shamsia akasimama. Hakuweza kusema. Akamtolea macho, akampungia kiwiko, akatikisa kifuniko. Kiprotich akadhani anashangilia, akatabasamu. Beverlyne alikuwa ameshikilia mti asianguke kwa kicheko.

Ikabidi arudi nyuma mpaka aweze kupumua.

"Mwalimu," akasema, "asante kwa dua. Sasa toka hapo, uje usimame huku na sisi. Tungoje upepo uiondoe."

Kiprotich akainuka, akajifuta magoti, akaja. Wakangoja wote watatu kimya, nyuso zimeelekea upande mmoja, hadi majani yalipotikisika na upepo ukapita juu ya pete. Shamsia akasema Bismillahi upya, akajaza kifua, akaenda.