Wiki Ile Baba Alipoomba Nguvu

Asali ya porini ya Tabora ina harufu mbili. Kwanza ni ya maua ya miombo, kisha nyuma yake unakuja moshi wa mwenge ambao mrina asali alitumia kuwafukuza nyuki. Mpaka leo nikipita sokoni na muuzaji akafunua ndoo yake, miguu yangu husimama yenyewe na sikio langu la kushoto hupata moto. Wajukuu hunicheka wakidhani bibi yao ana tamaa. Tamaa ninayo, sikatai, lakini sikio lina habari yake, nami nitawaeleza ninyi mnaosoma kwa kuwa hata mkicheka sitawaona.

Tulikaa Kigwa, si mbali na reli, miaka ile Waingereza walipokuwa wakitawala Tanganyika. Nyuma ya shamba letu la karanga ilipita njia ya kale ya misafara, iliyotoka pwani ikapita Tabora kuelekea ziwani. Wakati wangu ilikuwa njia ya ng'ombe na ya akina mama waendao kisimani, lakini ardhi yake ilikuwa imebonyea kwa nyayo za watu wa zamani, na mvua ikinyesha iligeuka mfereji. Babu yangu aliipita mara nyingi akiwa mnyapara wa wapagazi. Baba naye, kabla ya kubatizwa, alikuwa mnyapara wa genge la barabara. Kazi hiyo wote wawili waliifanya kwa sauti na kwa fimbo. Baba alipoingia kanisa letu la Kimoraviani na baadaye kuwekwa kuwa mwinjilisti, yaani mwalimu wa kanisa, sauti ilipata kazi mpya. Fimbo ilibaki na kazi yake ya zamani.

Hakuwa mtu mbaya, naomba mnielewe. Alinibeba mabegani kwenda kanisani hata nilipokuwa mkubwa wa kutembea. Ila hasira yake ilikuwa karibu, na mkono wake ulikuwa mzito. Alipenda kusema samaki mkunje angali mbichi, na kwa kuwa wakati ule nilikuwa mtoto wake wa pekee, samaki nilikuwa mimi.

Nilipokuwa na miaka tisa hivi, Mchungaji alikuja kwa gari moshi kutoka Tabora mjini kumwambia Baba kwamba anatakiwa Bukene, kwenye reli ya Mwanza. Huko kulikuwa na nyumba chache za waumini ambao walikuwa wameomba mwalimu kwa muda mrefu. Tulikuwa uani, Mama akitwanga, nami nikijifanya nacheza ili nisikie.

“Mwalimu,” Mchungaji akasema, “maneno unayo. Lakini usiende na maneno peke yake. Jitenge wiki nzima umwombe Bwana akuongezee nguvu. Na kama kuna mtu una neno naye, lisafishe kwanza.”

Baba akalishika agizo lile kama alivyoshika kila agizo, kwa mikono miwili. Aliacha ugoro. Hakutia kitu kinywani mpaka jua lizame, na hapo alikunywa uji wa uwele tu. Alfajiri, kwenye ile baridi ya mwezi wa sita, alikwenda porini kuomba na kurudi miguu imelowa umande. Mimi nilikuwa nimefundishwa habari za ndimi za moto zilizowashukia mitume, na za uso wa Musa ulivyong'aa, basi kila jioni nilimkazia Baba macho nione kama kazi imeanza. Niliona midomo iliyokauka tu.

Waumini wa Kigwa walikuwa wameleta lindo la asali, lile pipa dogo la gome la mti, ili Baba akampe mwanangwa, mkuu wa kijiji cha Bukene. Mkono mtupu haulambwi, walisema wazee. Lindo likawekwa pembeni chumbani kwa wazazi wangu, limefunikwa kwa kipande cha ngozi. Siku ya tatu ya maombi, Baba akiwa porini na Mama kisimani, nilianza kwa kidole. Kidole hakishibishi mtu. Nikaingiza mkono. Kesho yake nikarudi, na ilipofika jioni asali ilikuwa imepungua kiasi cha kiganja kizima, nami nilikuwa nimenawa mpaka viwiko.

Baba aligundua siku hiyohiyo. Aliponiuliza nikasema si mimi. Kofi la kwanza lilitua kwenye sikio, nikasikia mlio kama wa reli gari linapokaribia. Kisha fimbo. Nilisema si mimi, si mimi, na kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi, mpaka Mama akamshika mkono kwa mikono yake yote.

“Baba Yemima, utaniulia mtoto.”

Baba akasimama. Alitazama mkono wake kama mtu aliyeokota kitu asichokifahamu, akatoka nje.

Asubuhi alikuja shangazi Kalunde, dada yake Baba, aliyekaa jirani. Akaligeuza lindo huku na huku, akaona mshono umeachia kidogo na sisimizi wamejipanga hapo wanakunywa. “Asali imevuja,” akatangaza. “Mmempiga mtoto bure.” Nyumba nzima ikaamini. Mimi nikanyamaza. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini siku ile niliiona ndefu na yenye kivuli kizuri.

Jioni kabla ya jua kuzama Baba aliniita uani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda. Nilipofika na kupiga goti kumsalimu, akatoka kwenye kigoda akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu.

“Yemima, mwanangu, nilikupiga kwa hasira. Nimemwomba Mungu anisamehe. Na wewe nakuomba unisamehe.”

Kwetu, mtoto ndiye anayemwomba mzazi radhi. Sikuwahi kusikia baba wa mtu akifanya vile, na niliogopa kuliko nilivyoogopa fimbo. Nikisema nimekusamehe, nitakuwa nimeongeza uongo juu ya uongo, tena wiki ambayo moto wa Mungu ungeweza kushuka uani kwetu saa yoyote ukanikuta mimi. Nikisema niliila, fimbo inarudi. Basi nikatazama chini. Baba akaitikia kwa kichwa, akashika kigoda, akainuka. Jumapili baada ya ibada aliniomba tena, kwa maneno yaleyale. Nikatazama chini tena.

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya safari. Stesheni ilijaa waumini wakiimba. Sanduku la bati la Baba lilikuwa tayari, mkeka umefungwa, lindo limeshonwa upya. Gari moshi likaingia kutoka upande wa pwani na moshi wake mchungu. Baba akawapa watu mkono mmoja mmoja. Aliponifikia mimi nikajificha nyuma ya kanga ya Mama. Akamgeukia mzee wa kanisa.

“Siendi leo, Mzee. Kuna mtu nimemkosea, bado hajanifungulia moyo.”

“Ni nani huyo, tumwite?”

“Ni mtu mkubwa kwangu,” Baba akajibu, akabeba sanduku lake mwenyewe kurudi nyumbani. Gari likaondoka.

Kijiji kikapata la kusema. Wengine walisema ni mtu wa genge la zamani, wengine wakasema mwalimu ameogopa Bukene. Mama akaacha kuimba akitwanga. Nilijua kwamba huko Bukene watu walikuwa wamefika stesheni wakarudi peke yao, na kwamba aliyewarudisha ni mimi. Baba aliendelea kufunga. Jumatano, jua likiwa utosini, tulikuwa wawili shambani tunang'oa karanga, nikamwona anashika mpini wa jembe ili asianguke. Hapo nikashindwa.

“Baba, asali niliila mimi. Sisimizi walikuja baadaye.”

Alikuwa na shina la karanga mkononi. Akaendelea kulikung'uta udongo, polepole, hata udongo ulipokwisha. Sikutazama uso wake, nilitazama mkono. 

“Nilipokuomba msamaha,” akasema, “nilisema nilikupiga kwa sababu gani?”

“Kwa hasira.”

“Basi. Asali ilikuwa kosa lako, na umelisema. Lakini mkono ule haukuwa wa kukufunza. Hata ungekuwa hukula ningekupiga vilevile. Kosa langu bado lipo, mwanangu.”

Nikamwambia nimekusamehe, na safari hii ilikuwa kweli. Nikamwomba na yeye anisamehe, akanisamehe. Tukaketi kwenye mtaro wa shamba tukala karanga mbichi zenye maji na udongo, mchana mweupe, naye mtu wa kufunga.

Alisafiri Ijumaa, na baada ya mavuno tukamfuata. Nilikwenda Bukene nikiutazamia ule moto. Sikuuona. Baba alihubiri polepole kama zamani, na majina marefu ya manabii yaliendelea kumshinda. Wagonjwa aliowaombea, wengine walipona, wengine tuliwazika. Kanisa la nyasi lilichukua miaka kuwa la matofali. Basi kwa akili zangu za kitoto nikaamua kwamba nguvu haikuja, na kwamba niliizuia mimi kwa zile siku za kunyamaza. Jambo hilo nililibeba moyoni nikakua nalo, nikaolewa nalo, na sikumwambia mtu.

Baba alipofariki tulikutana Bukene kumzika. Mdogo wangu Samweli, aliyezaliwa hukohuko, alikuwa mtundu kunishinda mimi mara nyingi: aliwahi kuivunja taa ya kanisa, na aliwahi kuwafungulia mbuzi wa mwanangwa wakamaliza shamba la watu. Siku ya tatu ya msiba tulikuwa tunakumbushana utoto, nikamwambia, “Lakini mkono wa Baba ulikuwa mzito, au siyo?”

Samweli akanitazama kama anayengoja nimalize mzaha. “Mzito vipi, dada? Baba hakuwahi kunipiga.”

Nikaanza kurudi nyuma kichwani, mwaka kwa mwaka, mpaka pale shambani Kigwa. Tangu siku ile, hata mimi sikukumbuka kofi, wala fimbo, wala mtu yeyote aliyeguswa. Miaka yote nilikuwa nikiitafuta nguvu ile katika mambo yaliyotokea, na jambo lisilotokea halina mtu wa kuliona. Nikaenda kwa Mama, aliyekuwa ameketi mkekani, nikamuuliza kama alijua kwamba Baba hakuinua mkono tena.

Mama alinishangaa. “Wiki ile yote aliomba hilo tu,” akasema. “Wewe ulidhani anaomba nini?”

Nikaweka kichwa changu mapajani mwake, nikalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.