Mgeni Aliyempigia Magoti Shemeji Yangu

Aliyenitoa kwenye nyumba ya marehemu mume wangu ni kaka yake mkubwa. Sifichi. Alichukua nyumba, akachukua mtumbwi na nyavu, akaniachia binti na vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwani kwetu, hapa ufukweni. Nilipougua karibu kufa hakukanyaga kwangu. Lakini wale akina mama Wamarekani weusi walipotaka binti yangu aende Mbinga kusomea uuguzi kwenye chuo cha masista, mwenyekiti wa kijiji akasema neno la mama halitoshi, lazima atamke mzee wa upande wa baba. Huyo mwenyekiti ni mnywaji mwenzake shemeji.

Akina mama wale walikuwa wanakuja kujitolea kijijini kwetu. Mara ya kwanza tuliwasalimia kwa Kinyasa, wakatabasamu tu. "Hawa ni wa kwetu, wamesahau lugha," wakasema wachuuzi. Kila binti aliyemaliza kidato cha nne alipewa mmoja wa kumlea. Wa binti yangu alikuwa bibi wa nywele nyeupe zilizosukwa, akianika usipa na sisi bila kuziba pua. Mengi aliyomfundisha nilifurahi. Moja lilinitia homa: simama wima, mtazame mtu usoni, sema unachotaka.

Kwetu binti haongei na baba yake mkubwa akiwa amesimama. Anapiga magoti, anatazama chini.

"Siku ya kumwomba baba yako mkubwa ruhusa, piga magoti, mwanangu."

"Bibi kasema nisimame."

"Bibi atapanda ndege. Wewe utabaki na baba yako mkubwa."

Na mimi nilishasikia maneno ya kilabuni, kwamba kuna mfanyabiashara wa samaki anataka kumwoa mtoto, na shemeji hajakataa.

Siku yenyewe tukakusanyika uwanja wa shule. Shemeji kaja na koti, kakaa kiti cha mbele.

"Shikamoo, baba mkubwa," binti akasema. Wima!

Watu wakaguna. Shemeji hakuitikia. "Nani kakufundisha kunisimamia kama askari?"

Mwalimu akamtafsiria yule bibi. Nadhani bibi alitaka kutengeneza mambo, maana alikuwa anatuona tunavyosalimia. Akaja mbele ya shemeji, akapiga magoti mchangani.

"Shikamoo, baba."

Kikalipuka kicheko. Mama wa umri wa kumzaa anamwamkia yeye! Hakuna mwanamume wa huku anayethubutu kuitikia shikamoo hiyo.

"Unajitafutia laana, wewe!" mwanamke mmoja akampazia shemeji sauti. "Shuka chini!"

Shemeji akatoka kwenye kiti, akachuchumaa, koti likaburura mchanga. "Shikamoo, mama. Inuka, mama, inuka!" Bibi hakuelewa, akazidi kuinama. Shemeji naye akazidi kushuka.

Binti yangu alikuwa bado amesimama. Akamtazama kutoka juu.

"Baba mkubwa, nataka kwenda Mbinga kusoma."

"Nenda! Nenda! Mwambieni huyu mama ainuke kwanza!"

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Namjua. Hata ile nyumba alitamka mbele ya wazee kwamba ni yangu, matanga yalipokwisha akaweka kufuli. Nikamshika binti mkono mpaka kwenye gari la wageni lililokuwa linakwenda Mbinga.

"Mama, nguo zangu?"

"Panda."

"Mbinga kuna baridi."

"Watakupa sweta. Panda!"

Jioni shemeji akaja kwangu. "Shemeji, mtoto yuko wapi?"

"Si ulimruhusu?"

"Nilisema vile kwa ajili ya yule mama. Atarudi likizo, tutaongea vizuri."

Akina mama wale wamesharudi kwao. Likizo imekaribia, na shemeji amepita hapa mara mbili wiki hii, anauliza basi linafika saa ngapi. Juzi nikampigia binti.

"Usije. Kaa huko kwa masista."

"Mama, nimekukumbuka."

"Nimesema usije," nikamwambia, nikakata simu kabla hajasikia ninavyolia.