Aliyemwita Nyar Ugenya

Selipher ni muuguzi mkali. Tumeishi naye chumba kimoja hapa Al-Murabba tangu tuje Riyadh, na sijawahi kumwona akiacha faili la mgonjwa wazi mezani, hata akienda kunywa maji tu. Daktari mwenyewe alikuwa akifokewa. Ndiyo maana siku hizi nikisikia watu wa kliniki tunakofanya kazi wakinong'ona kuwa ni mzembe, damu hunichemka.

Mtu aliyemponza alipiga simu asubuhi, wagonjwa wamejaa mpaka mlangoni. Alijitambulisha kuwa Dalmas, fundi wa kampuni inayotunza kompyuta zetu, yuko ofisi ya Jeddah. Selipher alitaka kumkatia. Jamaa akacheka, akamuuliza kwao ni wapi, na alipotajiwa akaanza kumwita nyar Ugenya, binti wa Ugenya, vile Waluo wanavyomwita mwanamke kwa kwao alikozaliwa. Hapa sote tunamwita sista, hata mimi. Aliyezoea kumwita nyar Ugenya ni baba yake, na mzee alizikwa mwaka jana Selipher akiwa zamu, akilia chooni.

"Nyar Ugenya, nisaidie na hiyo namba imeingia kwa simu yako, nimalize hii kazi," Dalmas akamwambia.

Akamsomea. Namba hiyo ndiyo iliyokuwa ufunguo wa mafaili yote.

Kesho yake kompyuta zilikataa kufunguka, na wagonjwa wakaanza kupokea ujumbe: tunajua unaumwa nini, tunajua unaishi wapi, toa pesa ama tuwaambie wanaokutafuta. Meneja alitukusanya chumba cha dawa. "Halas. Mafi kalam," alisema, yaani yameisha, hakuna maneno. Atakayemdokezea mgonjwa chochote atarudishwa kwao. Nilimtazama yule mtu nikatamani kumtemea mate.

Selipher hakujali ikama yake, kibali cha kuishi huku. Alikuwa akimwaza Charity, msichana wa Kitui aliyemtoroka kafili, mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, kwa kuchoka kupigwa, akajificha mtaa wa Manfuha. Charity ana sukari, anaishi kwa sindano. Alipoandikishwa alikuwa amekataa katakata kusema anapolala, na Selipher ndiye aliyembembeleza, akamwambia maneno ya hospitali hayatoki nje, ili siku akizidiwa tujue pa kumfuata. Sasa chumba chake, simu yake na jina la kafili wake vilikuwa mikononi mwa wezi.

"Mimi naenda kumwambia," Selipher alisema tulipotoka kazini. "Wanifukuze wakitaka."

Nilimfuata.

Manfuha tulimkuta Charity ameshafunga mfuko wake. Ujumbe ulikuwa umemfikia mchana, na chini yake pameandikwa jina la kafili, herufi kwa herufi. Selipher hakuketi wala hakujitetea. Alimweleza yote akiwa amesimama: simu, ile namba, hata alivyoitwa. Charity alisikiliza akimtazama usoni, nami nikangoja amtukane. Ingekuwa heri angemtukana.

"Sijakukasirikia, sista," alisema. "Hata mimi mtu akiniongelesha Kikamba, siwezi kumkatia."

Selipher akatoa kijimfuko cha sindano alizonunua njiani, na barafu ya kuzitunza. Charity akakipokea kwa mikono miwili, akamshukuru.

"Hizi hazitakufikisha mwisho wa mwezi," Selipher akasema. "Niambie tu unaenda wapi, nikuletee zingine. Sitaandika mahali popote. Naapa."

Charity akatupa mfuko begani. Alimkumbatia Selipher, akamkumbatia kweli, kama dada anavyomkumbatia dada.

"Hiyo sitakuambia," akasema. "Usiniulize tena."

Akashuka ngazi. Selipher alibaki katikati ya kile chumba kitupu.