Siku Nilipouza Tuba Uani kwa Mkwe

Andika, mjukuu wangu, wala usipunguze neno, maana mimi ninayewakemea ninyi kila siku kwa uongo mdogo mdogo niliwahi kusema uongo mmoja ulioniumbua mbele ya mzee niliyekuwa nikimwomba binti yake, yaani huyo bibi yako anayejifanya hasikii hapo jikoni.

Nilikuwa kijana wa Nyakasimbi, mchunga ng'ombe wa baba yangu, na katika mahari nilibakiza mtamba mmoja tu, ng'ombe jike ambaye hajazaa. Baba alisema huyo nimtafute kwa akili zangu (akili zenyewe utaziona). Mali yangu pekee ilikuwa tuba, tarumbeta kubwa la shaba ambalo mtoto angeweza kuketi mdomoni mwake, nililopewa na wapigaji wa kanisani kwa mikungu minne ya ndizi baada ya vitufe vyake vitatu kuganda. Nililipeleka kwa mhunzi, akaving'oa vitufe, akaunga bomba moja kwa moja, akachomeka pembe ya ng'ombe mahali pa kupulizia. Likabaki na sauti moja, nzito kama ya fahali aliyefiwa. Kila baada ya siku chache nililipuliza kuwaita ng'ombe waje kulamba chumvi, na kwa kuwa nilikuwa mvivu wa kuchonga kihori, nililaza tarumbeta chini nikamwaga chumvi ndani ya mdomo wake mpana, wakalamba humo humo.

Basi mwalimu mmoja wa kwaya kutoka Nkwenda akasikia habari za tarumbeta hilo. Tukakubaliana alete mtamba, achukue tuba, na tukutane Ihanda uani kwa mkwe wangu, ili mtamba afungwe pale pale na mahari iishe. Wiki tatu nilisugua shaba kwa majivu na ndimu, nikasahau kabisa kuwapa ng'ombe chumvi.

Siku ilipofika, ua wa mkwe ulikuwa umetandikwa mikeka ya kahawa inayokauka. Kaka yangu alikuwa akichunga ng'ombe ng'ambo ya bonde, nami nikaona huko ni mbali.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Hili limetumika wapi?"

Ningesema kweli, habari ingeishia hapo. Lakini mkwe alikuwa ameketi karibu, nikataka kupendeza masikioni mwake.

"Kanisani tu, mwalimu. Halijapigwa ila kwa kumsifu Mungu."

Mkwe akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Na vitufe viko wapi?"

"Mpigaji mwenye pumzi nzuri havihitaji."

"Na pembe hii?"

"Ndivyo wanavyotengeneza siku hizi."

Mwalimu akalikumbatia, nami kwa majivuno nikamwambia apulize kwa nguvu, asilionee huruma. Akafumba macho akapuliza mara tatu, na kabla ya ya nne nikasikia kwato.

Walikuja wote, arobaini na zaidi, wakapita juu ya mikeka ya kahawa kana kwamba imetandikwa kwa ajili yao, na mbele alikuwa Bihogo, yule mwekundu mwenye pembe pana kuliko mlango. Akaingiza pua yake ndani ya tarumbeta akaanza kulamba. Sauti ikageuka ya mtu anayesukutua, na mwalimu, macho bado yamefumbwa, akazidisha pumzi akidhani limeziba.

Mkwe akanitazama. "Kijana, hao ndio waumini wako?"

Nilitaka kusema siwajui, lakini Bihogo aliacha tarumbeta akaja kunilamba viganja, na kaka yangu akatokea akihema. "Unawaita na chumvi hujaleta? Wamenikanyaga mimi kwa ajili ya nini?"

Mwalimu alijifuta ute mikononi, akamfungua mtamba aliyekuja naye. "Kwaya yangu ina makosa mengi," akasema kwa upole, "ila kulambwa bado."

"Mtamba nitamngoja," mkwe akasema mwalimu alipoondoka. "Kahawa yangu haingoji. Inama."

Nikainama, nimevaa kanzu nyeupe, nikaokota kahawa punje kwa punje kutoka kwenye kinyesi hadi jua likaelekea kutua. Bibi yako ndiye aliyeniletea maji ya kuioshea.

"Kuna jingine ulilotuambia ambalo ng'ombe watakuja kulikanusha?" akauliza.

"Kanzu ni ya kaka," nikasema. "Na viatu."

Alirudi ndani akicheka, na mimi nikaendelea kuosha. Harusi ilichelewa mwaka mzima, nikichunga ng'ombe wa watu mpaka nikalipwa mtamba.

Tangu siku hiyo niliapa kutouza kitu kabla ya kutaja ubovu wake. Mwaka jana mtu alikuja kununua mbuzi, nikamweleza tabia za mbuzi, kisha za mama yake mbuzi, hadi mnunuzi akaaga kwa heshima. Mbuzi bado tunaye, na hivi sasa anakula mboga za bibi yako.