Kavata: Nabembeleza watu wanipe habari za biashara zao wenyewe

Ni saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, na Carolyne Kavata amesimama mbele ya kaunta ya saluni moja mtaani Muthangari, daftari mkononi. Amesimama hapo kwa dakika ishirini na tano. Mwenye saluni anasuka mteja na hageuzi kichwa.

"Mama, bei ya kusuka bado ni ile ile ya mwaka jana?" Kavata anauliza kwa mara ya tatu.

"Tulipandisha."

"Mlipandisha lini?"

"Januari, nafikiri."

Huu ni mwezi wa Agosti, 2006. Kavata anafumba macho, anayafumbua, anaandika. Kwa miezi saba tovuti ya saluni hii imekuwa ikitangaza bei ambayo haipo, na wateja wanaofika wakiwa wameichapisha kwenye karatasi hugombana na wasusi hadi wengine huondoka nusu kichwa kikiwa kimesukwa.

"Halafu wananiambia ati mtandao ni uongo," anasema tukiwa nje, akitembea kwa hasira kuelekea kwa mteja wake wa pili. "Mtandao unasema tu kitu uliambiwa. Nani aliuambia? Hakuna!"

Kavata, 31, anatunza tovuti za biashara ndogo kumi na moja jijini Nairobi. Kuna saluni, kuna nyumba ya wageni, kuna daktari wa meno, kuna fundi wa samani. Kila mmoja humlipa shilingi 1,200 kwa mwezi ili habari zake ziwe sahihi: bei, saa za kufungua, picha, namba za simu.

Hana ofisi. Hutumia kompyuta ya pembeni katika saiba, duka la intaneti, la ghorofa ya pili katikati ya jiji, kwa shilingi moja kila dakika. Lakini kazi yenyewe, asema, haiko kwenye kompyuta.

"Kuandika ni kitu kidogo sana. Kazi ni kufuata watu. Nabembeleza mtu anipe habari za biashara yake mwenyewe, kama mtu anayeomba msaada."

Alisomea uhazili, akapiga chapa katika ofisi ya wakili hadi ofisi hiyo ilipofungwa mwaka wa 2002. Akajifunza kutengeneza kurasa za mtandao kutokana na vitabu vya kuazima. Baba yake, karani mstaafu wa serikali aliyemlea mtaani Jamhuri, hadi leo huwaambia majirani kwamba binti yake "anafanya kazi ya tarakilishi" na kuishia hapo.

Lakini hakuna kilichomchosha Kavata kama kisa cha Mzee Ndungu.

Ndungu, mmoja wa wateja wake, hukodisha mahema na viti, na uwanja wake wa kuhifadhia vifaa hauko mbali na nyumba ya Kavata. Septemba mwaka jana aliibiwa simu. Akanunua laini mpya, akaendelea na shughuli zake. Namba ya zamani ikabaki kwenye tovuti.

Kavata aligundua Januari. Akamwendea.

"Mzee, nipatie namba mpya niweke."

"Sijaishika kichwani. Na simu iko nyumbani kwa chaji. Nitakubip, uione namba."

Hakubip. Februari akaenda tena, akaambiwa, "Si nilisema nitakubip?" Machi akaenda kwa mara ya tatu, akaomba angalau aiondoe ile ya zamani.

"Ukiitoa watu watafikiri nimefunga biashara," Ndungu akajibu. "Wacha hapo kwanza."

Kavata akaiacha. "Hapo ndipo nilikosea," anasema. "Ningeitoa tu, anigombeze. Lakini biashara ni yake, nikasema sawa."

Ambalo hakuna kati yao aliyelijua ni kwamba namba ile ilikuwa imeuzwa upya. Aliyeipata ni Isaiah, bawabu wa nyumba za kupanga huko huko Muthangari, ambaye alianza kupigiwa simu hata nane kwa siku na watu wanaotaka mahema.

Aprili, mama mmoja wa mtaa wa Woodley, Wanjugu, alikuwa akimwoza binti yake. Binti alichapisha ukurasa wa Ndungu ofisini kwake, na Wanjugu akapiga simu. Akaagiza mahema manne na viti mia mbili, akasema malipo yatatolewa mahema yakishasimama. Sauti upande wa pili ikajibu, "Sawa mama, sawa."

Jumamosi ya harusi, saa moja asubuhi, Kavata alikuwa akifua nguo uani simu yake ilipolia. Chini kabisa ya kila ukurasa anaoutunza huwa ameandika jina na namba yake. Wanjugu alikuwa ameiona.

"Alikuwa analia," Kavata anakumbuka. "Akaniuliza, 'Mahema yako wapi? Watu wanakuja saa nane!' Nami hata namba ya Ndungu sina. Si hiyo ndiyo nimekuwa nikitafuta?"

Aliacha nguo kwenye beseni, akanyakua mkoba, akakimbia kwa miguu hadi uwanjani kwa Ndungu. Akamkuta akinywa chai. Mahema yake makubwa matatu yalikuwa yameondoka alfajiri kwenda mazishini Limuru. Lililobaki ni hema moja lenye upande uliochanika, na viti tisini.

Walipakia kila kitu kwenye mikokoteni miwili. Kavata alishika nyuma ya mmoja na kuusukuma hadi Woodley, akiwa bado na leso ya kufulia kiunoni.

Hema lilisimama saa sita. Saa tisa mvua ikanyesha. Majirani walifungua sebule zao, keki ikahamishiwa nyumba ya tatu, na wazee wa upande wa bwana harusi wakala wali wamesimama kwenye veranda. Bi harusi alipita katikati ya matope amebeba viatu mkononi.

Wanjugu alipouliza nani wa kulaumiwa, Ndungu alinyoosha kidole mbele ya wageni.

"Huyu ndiye msichana wa mtandao. Namba ni yeye aliandika."

Daftari la Kavata lilikuwa ndani ya mkoba wake, likiwa na tarehe zote tatu alizomwendea na majibu aliyopewa. Hakulitoa.

"Siku ya harusi ya mtu huwezi kufungua daftari," anasema. "Nilimwambia yule mama pole. Nikaendelea kupanga viti."

Jumatatu alirudi kwa Ndungu na kumsomea tarehe moja baada ya nyingine. Mzee akatoa simu mfukoni, akampigia Kavata papo hapo ili namba ionekane.

"Andika basi," alisema.

Kavata alienda saiba akaibadilisha. "Dakika nne! Miezi mitatu naomba kitu cha dakika nne."

Baadaye aliipigia ile namba ya zamani, akamtafuta Isaiah ili amwombe radhi. Alimkuta langoni, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, naye ndiye aliyeanza kuomba radhi.

"Mimi sina hema hata moja, nina mwavuli," Isaiah alimwambia mwandishi huyu. "Nikisema si mimi, wananitusi. Siku hiyo yule mama alikuwa anaongea mbio, laini inakatika, gari linapiga honi nifungue. Nikasema sawa ili anyamaze. Sikujua ni harusi."

Alitaka kujua kama bi harusi aliolewa vizuri. Alipoambiwa ndiyo, aliomba namba mpya ya Ndungu na kuiandika ukutani ndani ya kibanda chake. Tangu hapo kila anayempigia akitaka mahema humsomea namba hiyo, tarakimu kwa tarakimu. Ndungu anakubali kwamba wateja sita wamemfikia kwa njia hiyo.

"Huyo Isaiah hunifanyia kazi kuliko wateja wangu wote," Kavata anasema. Kwa mara ya kwanza siku nzima anacheka, ingawa si kwa muda mrefu. Mchana huu daktari wa meno amemwambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba alihamisha kliniki wiki tatu zilizopita.

Kuanzia Septemba, Kavata amepanga kuandika tarehe juu ya kila ukurasa, ionyeshe siku mwenye biashara alipothibitisha habari zake kwa mara ya mwisho. Wateja wanne wamekwisha kulalamika kwamba itawaaibisha.

"Ndiyo maana naiweka," anasema.

Anatamani pia kukodi chumba kidogo karibu na Ngong Road, kiwe na meza, laini ya simu na kompyuta yake mwenyewe. Lakini ukimuuliza anachokitaka zaidi ya vyote, hataji chumba.

"Nataka siku moja, hata mmoja tu kati ya hao kumi na mmoja, anipigie yeye mwenyewe. Aseme, 'Kavata, kuna kitu kimebadilika kwangu.' Walahi, simu hiyo nitaipokea nikiwa nimesimama wima."